Fundi wa Baiskeli ya Mzigo

Magunia ya mkaa yanayoingia Tabora kwa baiskeli alfajiri yanategemea mikono ya fundi anayekaa chini ya mwembe. Keria ya kiwandani haihimili magunia mawili. Fundi huing'oa, akachomelea nyingine ya nondo, miguu yake ikishuka hadi kwenye ekseli ya nyuma, ili uzito usining'inie kwenye fremu.

Kazi ninayoistahi zaidi ni ya gurudumu la nyuma, maana huko ndiko mzigo unakoishia. Fundi huweka spoku nene na kuzikaza moja moja, kisha huzigonga na kusikiliza. Iliyolegea hutoa sauti nzito. Huipindua baiskeli, akazungusha gurudumu, akakodolea macho nafasi kati ya ringi na breki, akalegeza huku na kukaza kule mpaka lizunguke bila kuyumba. Spoku moja ikikatika porini, jirani zake huelemewa, nazo hufuata. Ujira wa subira hiyo ni mdogo mno.

Gololi huoshwa kwa mafuta ya taa na kupakwa grisi. Tyubu zilizochoka hukatwa mikanda ya kufungia mzigo.

Kwenye mchanga mwenye baiskeli hushuka akasukuma. Lakini lori likimjia ghafla barabarani, uhai wake uko kwenye breki alizofunga fundi huyo, ambaye sisi tunaopikia mkaa ule hatumjui hata kwa sura.