Safari Tano au Sita

Kabla hajagusa kibodi, dada huyu mhandisi wa data anauliza: "Leo inaanza saa ngapi?" Anaandaa modeli ya kukadiria chakula kitamfikia mteja baada ya dakika ngapi, na moja ya sifa zinazoilisha ni safari alizopiga mtu wa bodaboda leo. Seva zinafuata saa za kimataifa, na Nairobi imetangulia kwa saa 3, hivyo siku ya seva huku kwetu inaanza saa tisa usiku. Oda iliyopelekwa saa saba usiku ni ya leo au ya jana?

Modeli nyingi huharibikia hapo. Mmoja anaandika hesabu kwa SQL ili kuifunza modeli kwa kumbukumbu za zamani, mwingine anaiandika upya ndani ya programu inayomjibu mteja. Zikitofautiana kidogo hakuna kinachozima. Makadirio yanapotoka kimyakimya.

Yeye anahesabu mara moja, kwenye jedwali moja, kwa siku ya Nairobi. Kulifikisha pande zote mbili anatumia Feast, programu huria iliyotangazwa mwaka 2019 na Google Cloud pamoja na Gojek ya Indonesia, kampuni iliyoanza na pikipiki za abiria. Faili lake ni fupi. Anataja mhusika, yaani dereva na namba yake. Anataja chanzo, na safu yenye saa ya tukio. Anataja sifa, kuwa ni namba kamili. Kisha inabaki umri: thamani ikizeeka kiasi gani isitumike tena? Hapo anakaa kimya muda mrefu, anapekua kumbukumbu za wiki nzima, ndipo anaandika saa 2.

Data ya mafunzo inavutwa kwa kurudi nyuma. Oda ya saa saba na robo mchana inapewa safari 6, zilizohesabiwa hadi saa saba kamili, ingawa jioni dereva yule alifikisha 14. Modeli haichungulii jioni. Thamani za karibuni zaidi anazipeleka kwenye hifadhidata ya Redis, zisomwe papo hapo oda inapoingia.

Mimi ningeishia hapo. Yeye anachukua madereva 10 na kulinganisha kilichosomwa wakati wa oda na kinachovutwa sasa kutoka kumbukumbu. Tisa wanalingana. Wa kumi ana 5 upande mmoja, 6 upande wa pili.

Haipuuzi tofauti hiyo. Anaufuata mstari mmoja hadi anauona: hesabu ya saa saba kamili ilifika saa saba na dakika 20, ilhali oda ilishapita. Mafunzo yalikuwa yanaonyeshwa namba ambayo seva haikuwa nayo bado. Anabadilisha safu ya saa, sasa ishike wakati hesabu ilipopatikana. Anavuta upya, na kuanza tena na dereva wa kwanza.