Ndege, mapanki na mkato: namna «Darwin's Nightmare» ilivyojengwa

Filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin, ambayo Watanzania wengi waliijua kama filamu ya mapanki, yaani mifupa na vichwa vya samaki vinavyobaki baada ya viwanda kutoa minofu, ilioneshwa katika tamasha la Venice mwaka 2004, ikatwaa tuzo ya Ulaya ya filamu bora ya hali halisi mwaka huohuo, na mwaka 2006 ikapata tuzo ya César nchini Ufaransa pamoja na kuteuliwa kuwania Oscar. Mwaka huohuo wa 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kwamba imeichafua nchi, na jijini Mwanza watu waliandamana kuipinga. Ugomvi huo umezoeleka kuelezwa kama ugomvi wa ukweli na uongo, lakini ukichunguzwa kwa jicho la fundi wa sinema unaonekana kuwa ugomvi juu ya uhariri, maana dai lililowagawa wahakiki, kwamba ndege zinazobeba minofu ya sangara kutoka Mwanza ndizo zinazoleta silaha Afrika, mtengenezaji hakulitamka kwa sauti yake wala hakulionesha kwa picha. Lilisemwa na mhojiwa, likakamilishwa na mpangilio wa matukio.

Sauper, Mwaustria aishiye Ufaransa, alikuwa ametengeneza Kisangani Diary (1998) kuhusu wakimbizi wa Rwanda waliokwama katika misitu ya Kongo, na ameeleza kuwa wazo la filamu ya Mwanza lilimjia wakati wa kazi hiyo, alipoona ndege moja ikishusha chakula cha msaada na nyingine ikipaa na samaki kwenda Ulaya. Alipiga picha mwenyewe kwa kamera ndogo ya kidijitali, akiwa na msaidizi mmoja au wawili tu, na amekiri kuwa mara nyingine walijifanya marubani au wapakiaji wa mizigo ili wafike mahali ambapo kundi lenye taa na vyombo vya sauti lisingeruhusiwa. Udogo huo wa vifaa unaonekana katika kila fremu: nyuso zimepigwa kwa ukaribu mno, mwanga ni hafifu, na sauti ya muulizaji husikika nyuma ya kamera, kwa Kiingereza cha mgeni, ikiuliza maswali mafupi ambayo wakati mwingine yanakera kwa urahisi wake. Msimulizi, yaani ile sauti inayoeleza picha kutoka nje ya tukio, hakuna. Yapo maandishi machache tu ya skrini, na pengo linalobaki humlazimisha mtazamaji aunganishe mambo mwenyewe.

Katika pengo hilo ndipo montaji, yaani ufundi wa kuzalisha maana kwa kuweka kipande kimoja cha picha kando ya kingine, inapofanya kazi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa ndege aina ya Ilyushin. Sauper anawauliza wahudumu wa ndege mara kwa mara wanaleta nini wanapokuja Mwanza, na jibu analopewa ni kwamba ndege huja tupu. Swali hilohilo linarudishwa mahali pengine, kwa mtu mwingine, na kila linaporudi bila jibu jipya shaka inaongezeka, ingawa kimantiki jibu lililorudiwa halijawa uongo kwa kurudiwa kwake. Kisha anaingizwa mwandishi wa habari Richard Mgamba, ambaye anazungumzia silaha waziwazi. Na karibu na mwisho rubani mmoja, kwa sauti ya mtu aliyechoka, anakiri kwamba aliwahi kupeleka Angola mizigo mikubwa kama vifaru, kisha akaenda Johannesburg kuchukua zabibu za kupeleka Ulaya.

Maungamo hayo ndiyo kilele cha filamu, na wahakiki wa Ulaya na Marekani walioyasifu walikuwa na sababu, kwa kuwa ni nadra kwa kamera kumngoja mtu hadi aseme jambo zito kiasi hicho. Hata hivyo, safari anayoieleza rubani haikupitia Mwanza, na shehena aliyorudi nayo haikuwa samaki. Kwa kuyaweka mwishoni, baada ya maswali yote yale yasiyojibiwa, mhariri ameyafanya yajibu swali ambalo rubani hakuulizwa. Hilo halithibitishi kwamba silaha hazikupita Mwanza, wala kwamba biashara hiyo haikuwapo katika ukanda uliokuwa na vita vya Kongo jirani. Linaonesha tu kwamba ushahidi wa mahali pamoja umetumika kufunga hoja ya mahali pengine, na kwamba mshono wake umefichwa kwa ustadi mkubwa.

Kuhusu mapanki, mbinu ni ile ile ingawa msingi wake ni imara zaidi. Sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950 na akachangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, anaoneshwa kwanza katika kiwanda kisafi, akikatwa na wafanyakazi waliovaa mavazi meupe, kisha picha inahamia kwenye chanja za kukaushia ambako mapanki yamejaa funza, na mwanamke anaeleza namna hewa ya mahali pale ilivyomdhuru macho. Wapo wakosoaji waliosema mabaki hayo ni chakula cha mifugo. Jibu hilo ni dhaifu, kwa kuwa mapanki yaliliwa na watu katika miji na vijiji vya Kanda ya Ziwa, na kuyaona ni aibu hakukuyaondoa sufuriani.

Kosa la kiufundi liko kwingine, na mkazi wa katikati ya Dar es Salaam huenda akaliona upesi kuliko mhakiki wa Paris. Katika Soko Kuu la Kariakoo, jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, na katika mitaa inayolizunguka, dagaa wa Mwanza huuzwa kwa fungu na kwa gunia, na sato na sangara wa ziwa hilohilo hufika jijini kwa barafu au wakiwa wamekaushwa. Kati ya minofu inayopaa kwenda Ulaya na mapanki yanayobaki Mwanza upo, basi, mnyororo mrefu wa wachuuzi, madalali, wenye magari na walaji wa ndani, na mnyororo huo wote umeachwa nje ya filamu. Kuuacha kuna faida ya kisanaa: ncha mbili zikibaki peke yake, dhuluma inaonekana kwa mkato mmoja. Kungekuwa na dakika tano za Kariakoo, nguvu ya mkato ule ingepungua, na Mtanzania asingebaki na nafasi ya mhanga peke yake.

Upungufu wa aina hii, wa Waafrika kuoneshwa kama watu wasio na uwezo wa kutenda, ulijadiliwa na wanazuoni Thomas Molony, Lisa Ann Richey na Stefano Ponte katika tathmini waliyoichapisha mwaka 2007. Mjadala wa kisiasa haukufika huko. Filamu za Kiswahili za miaka ile, kama Girlfriend ya mwaka 2003, ziliwafikia watazamaji kwa kanda na diski kupitia wasambazaji wa Kariakoo, ilhali kazi ya Sauper ilitengenezewa matamasha na kumbi za Ulaya. Kwa hiyo hapa nchini ilijadiliwa zaidi kwa kusimuliwa, na filamu isiyo na msimulizi haina bahati inapoangukia mikononi mwa wasimulizi. Serikali ilishughulika na waliozungumza na kuacha namna maneno yao yalivyopangwa: Mgamba alihojiwa na polisi na uraia wake ukatiliwa shaka, kana kwamba yeye ndiye aliyekaa chumba cha uhariri.

Nchini Ufaransa, mwanahistoria François Garçon aliishambulia filamu kwa makala katika Les Temps modernes, kisha kwa kitabu kizima mwaka 2006, akisema hakuna hata shehena moja ya silaha inayoonekana ndani yake, jambo ambalo ni kweli. Alikwenda mbali zaidi, akidai kwamba watoto wa mitaani walilipwa ili waigize mbele ya kamera, na kwa dai hilo Sauper alimshtaki kwa kumkashifu. Mahakama ya Paris ilimtia Garçon hatiani mwaka 2008, na rufaa yake ikashindwa mwaka 2009. Wafuasi wa filamu waliipokea hukumu hiyo kama uthibitisho wa kila kilichomo ndani yake, ingawa majaji walipima maneno ya mwanahistoria kuhusu malipo ya watoto, na suala la zabibu za Johannesburg kuwekwa mahali pa sangara wa Mwanza halikuwa sehemu ya kesi.