Tela Linapotikisa Mkia

Kabla sijashika kalamu nilikuwa tanboi, msaidizi wa dereva wa lori, kwa miaka miwili, njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na mtu niliyemheshimu kuliko wote katika njia ile alikuwa fundi anayeambiwa, "Mzee, tela linatikisa mkia," naye akaweka spana chini kwanza.

Tairi likipasuka kila mtu anajua la kufanya. Bomba la upepo wa breki likivuja, unalisikia likipuliza. Kuyumba ni ugonjwa usiokaa mahali. Lori likisimama, umeondoka. Likienda spidi ya 40 haupo. Unakuja barabara inapofunguka, labda ukishatoka Mikumi na dereva amekaribia 80, kasi ya mwisho aliyoruhusiwa mwenye gari zito. Hapo ndani ya hosi, yaani kichwa cha lori, unahisi kitu kidogo sana, kama mtu amekushika shati kwa nyuma akaliachia. Nyuma kabisa, mkia unafagia lami hadi mstari wa katikati. Mara nyingi anayejua mapema ni dereva wa basi lililo nyuma yako, anayewasha na kuzima taa akitafuta namna ya kukuambia.

Sababu yake ni kama ya bembea. Kila lori lina kasi yake: chini ya hapo tela likisukumwa na upepo au shimo huyumba mara moja, mbili, likatulia. Juu ya hapo kila myumbo unazaa mwenzake mkubwa zaidi. Dereva akijaribu kuufuata kwa usukani huwa amechelewa, na mkono wake unageuka kuwa ule unaosukuma bembea. Walionifundisha walisema ushike usukani ukiwa umenyooka, uachie mafuta, na kama hosi ina breki ya mkono ya tela peke yake, uivute taratibu ili tela lijinyooshe kwa kuvutwa nyuma. Basi, hayo ni ya kuokoa roho. Hayaponyi kitu.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa tunarudi na shaba ya Zambia, tukielekea bandarini. Mkia ulitutesa tangu Iringa. Safari iliyotangulia, gereji moja ya mjini ilikuwa imetubadilishia tairi nne za tela na kukaza mfumo mzima wa usukani, pesa nyingi, na mkia ukaendelea vilevile. Chalinze tukaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye uwanja wa vumbi na mwarobaini.

"Shikamoo mzee," dereva alisema.

"Marahaba. Likiwa tupu nalo linayumba?"

Hakuuliza tumetoka wapi wala tuna pesa ngapi. Likiwa tupu au na mzigo? Ukipanda au ukishuka? Ukiachia mafuta linatulia au linazidi? Linaanza lenyewe au mpaka lipishane na basi? Linaegemea upande mmoja? Mganga asiyemgusa mgonjwa kabla hajamsikiliza, ndivyo alivyokuwa. Dereva aliyezoea kusema "linayumba tu" ilibidi akae chini ya mwarobaini akumbuke barabara kilomita kwa kilomita, na nadhani ndipo alipoanza kulijua gari lake mwenyewe.

Kisha akaomba karatasi ya mizani. Sisi tuliitunza kwa ajili ya askari. Yeye aliisoma kama majibu ya maabara. Hakutaka jumla, ambayo kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 haivuki tani 56 hata kwa lori kubwa kabisa. Alitaka kujua tani ngapi zimekaa juu ya hosi na ngapi zimebebwa na ekseli za tela. Shaba ni nzito mno na haijazi bodi. Mpakiaji ana nafasi tupu nyingi, hivyo ndiye anayeamua mzigo ukae wapi. Akiusogeza nyuma ya ekseli, tela linaegemea kisogoni, linainua pua, na hosi inakosa uzito wa kulishika. Wapo wanaofunga tela dogo nyuma ya pikapu na kupakia hivyohivyo, vitu vizito mkiani kwa kuwa ndiko kuliko na mlango, kumbe tela la namna hiyo linataka kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au zaidi kidogo, ilale kwenye ndoano ya mbele.

Karatasi yetu ilikuwa safi. Akairudisha, akaenda kwenye tairi na geji ya upepo. Tairi lenye upepo pungufu lina ubavu laini, nao huliachia tela liteleze pembeni kabla ya kulirudisha. Akatazama pia kama zile mpya zimechanganywa, za waya na za nailoni katika ekseli moja. Hazikuchanganywa. Tulipolitenga tela na hosi, akapima kingipini, ule mhimili ambao tela zima huvutwa kwao. Mpya ina unene wa milimita 50.8, na ikilika hadi 49 haifai tena. Yetu ilikuwa bado nzima.

Mimi nilishaanza kuchoka. Saa mbili zimepita na hakuna nati iliyofunguliwa! Ndipo akamwaga ndoo tatu za maji kwenye uwanja, akatandaza vumbi kwa ufagio, hosi ikarudishwa, na dereva akaambiwa apite pale kwa usukani ulionyooka, polepole. Tukaenda kutazama. Tairi za hosi zilikuwa zimeandika mistari yake. Za tela zilipaswa kulala juu yake. Zilikuwa zimehamia kushoto, upana wa vidole viwili. Tela letu lilikuwa linatembea kama kaa, na sisi tulikuwa tumelivuta hivyo kutoka Tunduma.

Hosi ikatengwa tena, akafunga kamba kwenye kingipini, akaivuta hadi ncha ya ekseli ya kwanza upande wa kulia, akaweka alama ya chaki. Akaihamishia kushoto. Alama ilipungukiwa sentimita tatu. Akaniita nishike tochi.

Sitasahau nilichoonyeshwa kule chini. Ukingoni mwa springi ya kushoto kulikuwa na mstari mwembamba wa unga mwekundu, laini kama pilipili ya kusaga, na kando yake doa la chuma linalong'aa kama sarafu mpya. Kila kitu kingine kilikuwa cheusi kwa grisi na vumbi lililoganda. "Chuma kilichotulia huchafuka," mzee alisema. "Kinachong'aa kinatembea." Akagonga yubolti za kulia, zile zinazobana ekseli kwenye springi, kwa nyundo, zikalia kama kengele. Za kushoto zikatoa sauti butu, kama kugonga mti. Ndani yake senta bolti, ile inayobana majani ya springi na kuiwekea ekseli mahali pake, ilikuwa imekatika, labda zamani. Ekseli ilibaki imeshikwa na yubolti zilizolegea, ikisogea kila tulipokanyaga breki na kulisukuma tela kando kidogo kidogo.

Tairi nne zilibadilishwa kwa sababu ya bolti moja isiyozidi urefu wa kiganja. Simlaumu sana yule fundi wa mjini kwa kutokujua. Namlaumu kwa kufungua kabla ya kutafuta, kwa maana kila alichokigusa kilikuwa kizima, na baada yake tulikuwa maskini zaidi na mkia ni uleule.

Bolti mpya na yubolti nne zilikula muda mfupi kuliko maswali. Alikaza kwa kupokezana, pembe hii kisha ile ya mkabala, na akamwagiza dereva akague tena akifika mjini, kwa sababu majani yakishalala vizuri nati hulegea. Halafu, jua likiwa limeinama, hosi ikarudishwa, naye akamwaga ndoo nyingine tatu.

Dereva akapita. Mzee akachuchumaa juu ya udongo uliolowa, akapitisha kidole kwenye mfereji wa tairi la hosi, kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta mstari wa pili. Ulikuwa mmoja tu.