Jani Ndilo Shahidi: Kuitambua na Kuikuza Aechmea fasciata

Mimea ya ukoo wa bromelia, ambayo aina zake zimepita 3,000 na ambayo yote asili yake ni Amerika isipokuwa aina moja tu iotayo katika miamba ya Guinea, Afrika ya Magharibi, si migeni kabisa kwa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa nanasi nalo ni la nasaba hiyo hiyo. Lakini ile ipandwayo kwa pambo aghalabu huuzwa bila jina, na mnunuzi asiyejua alichokinunua huitendea kama maua mengine ya chunguni, akaishindilia udongo mzito na kuimwagia maji kila siku mpaka mizizi ikaoza. Uchambuzi huu unahusu aina moja iliyo mashuhuri, Aechmea fasciata, na hoja yake ni kwamba alama zile zile zinazoutambulisha mmea ndizo zinazotoa amri ya malezi yake.

Alama ya kwanza ni ukingo wa jani. Ukipitisha kidole kwa hadhari kutoka ncha kuelekea shinani utakutana na miiba midogo ya rangi nyeusi, na hapo utakuwa umekwisha kuziweka kando Guzmania na Vriesea, ambazo kingo za majani yake ni laini. Alama ya pili ni mikanda ya rangi ya fedha inayokata jani kwa mapana, ambayo si rangi ya jani lenyewe, bali ni vigamba vidogo mno vilivyosongamana kama unga. Ukisugua mahali padogo unga hutoka, kijani hubaki wazi, na palipofutika hapafunikwi tena. Aechmea chantinii ya misitu ya Amazon nayo ina mikanda, lakini yake ni myeupe iliyokatika dhahiri juu ya kijani kilichokoza, na maua yake huzungukwa na majani mekundu. Alama ya tatu, iliyo ithibati ya mwisho, ni shada: majani ya rangi ya waridi, yenye meno ukingoni, husimama kwa umbo la pia juu ya kikonyo chake, na katikati yake hutokeza maua madogo ya buluu ambayo hugeuka mekundu yakikaribia kunyauka. Neoregelia haiwezi kudai sifa hiyo, kwani maua yake hujificha ndani ya kikombe cha majani.

John Lindley wa Uingereza, alipoueleza mmea huu mwaka 1828, aliuweka katika jenasi ya Billbergia, na John Gilbert Baker akauhamishia Aechmea mwaka 1879. Basi mwenye kukuta majina yote mawili vitabuni asidhani kuwa ni mimea miwili.

Kwao ni misitu ya kusini-mashariki ya Brazil, ambako hukaa juu ya matawi ya miti bila kuinyonya, mizizi yake ikiwa zaidi ni ya kushikilia kuliko ya kulisha, na riziki yake ikishuka kwa mvua na majani makavu yanayoangukia ndani ya kikombe, ambamo vigamba vya mashina ya majani hufyonza maji na chakula. Madhali ndivyo ulivyoumbwa, maji hutiwa kikombeni, wala si kuloweka chungu. Na chungu hujazwa vitu vinavyopitisha hewa, kama makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, vipande vya mkaa na changarawe. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chokaa, ambayo huacha madoa juu ya jani, na sharti kikombe kisuuzwe kila juma ili mbu wasipate mahali pa kutagia. Mwanga uwe mwingi lakini uliochujwa, na dawa za ukungu zenye shaba, mrututu ukiwa wa kwanza, zisiukaribie kamwe, kwa sababu shaba ni sumu kwa ukoo huu.

Mmea uliokomaa ukichelewa kuchanua, kuna hila iliyotokana na nanasi. Wakulima wa visiwa vya Azores walikuwa wakifukiza moshi katika nyumba za vioo ili mananasi yao yachanue kwa pamoja, na mwaka 1932 uchunguzi uliofanywa Puerto Rico ulionyesha kwamba hewa ya ethilini iliyomo katika moshi ndiyo inayoleta athari hiyo. Kwa kuwa matunda yanayoiva hutoa hewa hiyo hiyo, mwenye bustani humwaga maji ya kikombe, huweka tofaa bivu kando ya mmea, hufunika vyote kwa mfuko wa plastiki kwa muda wa juma moja au zaidi kidogo, mbali na jua kali, kisha husubiri. Aghalabu shada hutokeza baada ya miezi miwili au mitatu.

Kila shina huchanua mara moja tu, kisha hudhoofika taratibu na kufa, na hapa ndipo wengi wanapoudhulumu mmea kwa kuutupa mara shada linapokauka, ilhali huo ndio wakati unapotoa machipukizi ubavuni. Twawasihi wenye bustani wamwache mama na majani yake, waendelee kumtilia maji, na wasimtenge mtoto kwa kisu kikali mpaka afikie nusu ya kimo cha mama yake. Kwa taratibu hiyo mmea mmoja ulionunuliwa hautahitaji kununuliwa tena.