Mfuko wa Bendi, Alama ya X na Mkasi

Novemba 1980, bendi ya Teen Idles ya Washington, D.C. ilivunjika baada ya kudumu kwa takriban mwaka mmoja. Ilikuwa bendi ya ridhaa ya vijana wanne wa rika la sekondari: Nathan Strejcek akiimba, Geordie Grindle akipiga gitaa, Ian MacKaye besi na Jeff Nelson dramu. Mfukoni mwa bendi mlikuwa na takriban dola 600, malipo ya shoo zao zote, kwa sababu tangu mwanzo hawakugawana hata senti. Wangeweza kuchukua dola 150 kila mmoja na kwenda zao. Wakaamua pesa ile itoe santuri ya bendi ambayo tayari imekufa, na kwa uamuzi huo ikazaliwa lebo ya Dischord, ambayo hadi leo ingali hai.

Wasimulizi wa muziki wa panki hupenda kuzungumzia kelele, mavazi na hasira. Mimi navutiwa na utaratibu, maana ndio ulioifanya kazi ya vijana hawa idumu. Walikuwa na vikwazo vitatu: mlango wa ukumbi, santuri yenyewe na jalada lake. Kila kimoja walikivuka kwa mbinu ya bei nafuu ambayo mtu yeyote angeweza kuiga.

Tuanze na mlango. Kumbi ziliishi kwa mauzo ya baa, na mwenye baa alihofia leseni yake endapo kijana mdogo angekutwa na bia mkononi. Kwake ilikuwa rahisi kuwazuia wote wasiotimiza umri. Katika kiangazi cha 1980, Teen Idles walipanda basi na kuvuka Marekani hadi California. Walipofika Mabuhay Gardens, San Francisco, ukumbi ulioanza kama mgahawa wa Kifilipino, walichorwa X kubwa nyeusi mgongoni mwa mikono, ishara kwamba wasiuziwe pombe, na kuruhusiwa kuingia. Waliporudi nyumbani waliipeleka mbinu hiyo kwa 9:30 Club, ukumbi uliokuwa umefunguliwa mwaka huohuo. Ombi lao lilikuwa wazi: tuchoreni X, na mkitukuta tunakunywa pombe, tufukuzeni tusirudi tena. Wenye ukumbi wakakubali.

Tazama alama hiyo ilivyofanya kazi. X inaonekana hata penye mwanga hafifu, hivyo mhudumu wa kaunta hahitaji kuuliza kitambulisho. Haitoki upesi kwa jasho, na gharama yake ni kalamu moja ya wino mzito. Zaidi ya yote, ilihamisha ukaguzi kutoka mlangoni hadi kaunta, mahali ambapo hatari ilikuwapo kweli. Lakini kijana asiyekunywa hamwachii mwenye baa faida. Pengo hilo lilipaswa kuzibwa na kiingilio, na kiingilio kidogo huzaa pesa ya maana pale tu ukumbi unapojaa. Ndiyo maana baadaye kumbi za miji mingine zilitumia saa ambazo baa hazina wateja. CBGB ya New York, kwa mfano, ilijulikana katika miaka ya 1980 kwa shoo za panki za Jumapili mchana zilizowapokea watu wa rika zote.

Kikwazo cha pili kilikuwa santuri. Bendi ilikuwa imerekodi mwaka 1980 katika Inner Ear, studio ambayo Don Zientara aliiendesha nyumbani kwake Arlington, Virginia, kwa mashine ya njia nne. Njia zikiwa nne, huwezi kumpa kila mpigaji nafasi yake kisha ukaongeza sauti juu ya sauti. Inabidi bendi ipige pamoja kama ipigavyo jukwaani. Kwa muziki wa namna hii, hilo ni faida. Santuri yao, Minor Disturbance, ni ya inchi saba na ina nyimbo nane, nyingi zikikaribia dakika moja tu. Ufupi huo ulisaidia pia sauti: kadiri upande wa santuri unavyobeba dakika nyingi, ndivyo mifereji inavyobanana na sauti kupungua nguvu. Nyimbo fupi ziliacha nafasi ya mifereji mipana, na nafasi hiyo ndiyo inayoipa gitaa ukali wake.

Likabaki jalada. Walichukua jalada la santuri ndogo ya Uingereza, wakalibandua gundi taratibu na kulitandaza mezani. Wakafuatisha mistari yake kwa kalamu, wakapata kiolezo. Majalada yao yalichapishwa kwenye karatasi bapa, kisha wao wenyewe wakakata kwa mkasi, wakakunja na kubandika masikio ya pembeni, nakala baada ya nakala, hadi 1,000. Mbele waliweka picha ya mikono miwili iliyopishana, kila mmoja ukiwa na X. Mtu akiiona dukani alijua papo hapo ni muziki wa kina nani.

Mauzo yalirudi katika mfuko uleule ili kutoa santuri za bendi nyingine za mjini. Mzunguko ulikuwa wa polepole, hata Henry Garfield, aliyekuja kujulikana kama Henry Rollins, akalazimika kulipia mwenyewe santuri ya bendi yake, S.O.A. Hata hivyo, Januari 1982 Dischord ilitoa mkusanyiko wa Flex Your Head, nyimbo 32 za bendi 11.

Utaratibu huu ulikuwa na bei yake. Ulikula saa nyingi za kazi isiyolipwa, na kazi hiyo huwezekana zaidi kwa kijana ambaye bado hajabebeshwa kodi ya nyumba wala ada za watoto. Lakini kwa bendi changa, hesabu yake bado inasimama. Pesa ya shoo ya kwanza iwekwe mfukoni kabla mtu hajadai fungu lake. Kisha bendi izungumze na mwenye ukumbi juu ya hofu yake halisi, impe dhamana anayoweza kuikagua kwa macho. Kipaji kitaivutia hadhira, ila mfuko usiogawanywa ndio utakaoipa bendi ya pili pa kuanzia.