Anza kwenye ethi

Gari la mashindano lililojengwa kwa miaka mingi halipimwi kwa bei ya tabo (turbo) iliyofungwa wiki iliyopita. Nalisema hili kwa hasira, na sina nia ya kuificha. Hivi karibuni, kwenye mkusanyiko wa wenye magari hapa Nairobi, Subaru Impreza moja ya GC8 ilizingirwa na watu asubuhi nzima. Boneti wazi, hosi za silikoni za buluu, manifoldi ya hewa imepigwa rangi nyekundu yenye mikunjo mfano wa zile za STI, nati zote zinang'aa. Mwenyewe akawa anasimulia jinsi misi, injini kukosa moto, ilivyomtesa: ilikuwa inakuja na kuondoka, akabadilisha plagi, akabadilisha koili, akaja kwenye nozeli, pampu ya mafuta, mwishowe kompyuta nzima, na sasa namshukuru Mungu, akasema, misi imepungua. Watu wakamsifu kwa uvumilivu.

Misi haipungui. Misi ina chanzo, na chanzo ama kimeondolewa ama bado kipo. Nilichungulia nyuma ya ile manifoldi nzuri nikakiona kimekaa pale pale, na hakuna mwingine aliyeinama kutazama.

Betri ina nyaya mbili nene, lakini watu huuona mmoja tu, ule mwekundu. Huo ndio unaonunuliwa mpya, unaovishwa bomba la kinga, unaopitishwa kwa heshima hadi kwenye buti. Ule mweusi, yaani ethi, hufungwa popote penye tundu. Wanasahau kwamba umeme uliokwenda lazima urudi. Injini imekalia mauntingi za mpira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo kila kinachotumiwa na stata na mfumo wa cheche hurudi betrini kwa kupitia mikanda michache ya shaba iliyobanwa na bolti ndogo za spana namba kumi. Sasa fikiria gari lililokaa kwenye ujenzi miaka. Bodi imevuliwa ikapigwa rangi, injini imetoka na kurudi, gia boksi vivyo hivyo, na kila mara ile bolti inarudishwa juu ya rangi mpya. Rangi nzuri ni kizuizi kizuri cha umeme. Kinachobaki kupitisha ni meno ya bolti tu, na yakianza kushika kutu, gari linaanza kuugua ugonjwa usiokuwa na jina.

Kwenye EJ20, injini ya ile Impreza, mambo ni mabaya zaidi, kwani ethi za kompyuta zimefungwa kwenye manifoldi yenyewe. Ukiipeleka ikapigwe rangi bila kuziba sehemu za kukalia ethi, umeiziba kompyuta masikio. Sensa zinaleta habari inayoyumba, mafuta yanapimwa vibaya, na fundi asiyejua anaanza kununua vipuri. Koili mpya inaleta nafuu ya siku mbili kwa sababu tu wakati wa kuifunga mkono uligusa ule waya wa ethi.

Kuipima ethi hakuhitaji utajiri. Mita ya bei nafuu inatosha. Ncha moja weka kwenye kichwa hasi cha betri, kwenye risasi yenyewe na si kwenye kibano chake. Ya pili weka kwenye chuma kitupu cha bloku. Mwenzako apige stata huku moto wa plagi umekatwa. Mafundi wengi watakuambia nusu volti inavumilika. Mimi siivumilii. Kwenye gari la mbio ikizidi 0.2 kazi haijaisha, na anayebisha aniletee gari lake la 0.5 tulikimbize hadi lipate joto. Kisha rudia, mara hii kati ya hasi ya betri na bodi, feni ikizunguka, taa zikiwaka, pampu ya mafuta ikifanya kazi.

Wazee walijua haya bila mita. Palikuwa na fundi mmoja kwenye mtaa wa Grogan hapa Nairobi, wakati ule ukinuka oili tangu alfajiri, aliyekuwa akiletewa magari yaliyoshinda gereji zenye vigae sakafuni. Hakuwa anaanza na injini. Alimwambia kijana wake apige stata, yeye akaikamata kebo ya akseleta kwa vidole viwili, kimya, kama anayesikiliza mapigo ya mgonjwa. Siku moja akaniita. "Shika hapa, mwanangu." Nikashika, nikaachia upesi. Kebo ilikuwa ya moto. Mkanda wa ethi ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, umeme wa stata ukawa unatafuta njia ya kurudi, ukaipata kwenye kebo nyembamba ya akseleta. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha kebo hiyo kwa sababu ilikuwa ikikwama. Mzee akakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akafunga mkanda mpya, akakaza, akapaka grisi juu. Akatoza pesa ya chai.

Matapeli nao wanaijua siri hiyo. Wameona watu wanapenda kuona nyaya, basi wanauza seti za ethi za rangi rangi, njano na zambarau, zinazotambaa juu ya injini kila upande. Nimewahi kuukuta mmoja wa nyaya hizo ambao, baada ya kupinda vizuri nyuma ya bloku, haukufungwa mahali popote. Ulibanwa kwa kamba ya plastiki kwenye hosi ya maji. Gari hilo liliuzwa kwa sifa ya kuwa "limetengenezewa umeme upya." Ethi ya kweli ni fupi, nene, nyeusi, na huioni mpaka uitafute. Ikiwa na rangi nyingine, nina shaka na aliyeifunga.

Mengine yanajulikana, nitayapita haraka. Keji ipigwe rangi nyeupe au kijivu hafifu, ufa uonekane. Kila nati ya sasipensheni iwe na mstari wa rangi uliovuka hadi kwenye chuma jirani, ili ikilegea uione kabla haijakuua. Tepu ya plastiki ndani ya boneti ni marufuku. Gundi yake huyeyuka na kuwa matope. Na gari lililojengwa kwa miaka lazima liwe na daftari, lenye tarehe, tatizo, kilichopimwa na kilichopatikana. Fundi mzuri hulirudisha gari likiwa na nyaya chache kuliko alizozikuta. Sina ushahidi wa kukupa kwa hili la mwisho, ila sijaona gari lililolipinga.

Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na mwaka 1965 aliishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, yeye na ndugu yake Jaswant. Mwaka 1974 akaishinda tena kwa Lancer 1600 GSR, nyuma yake Björn Waldegård akiwa na Porsche 911. Siku hizo gari lilipita matope na vumbi kwa siku kadhaa mfululizo, na waya uliofungwa ovyo haukuwa na mahali pa kujificha. Siku hizi gari linapakiwa kwenye lori, linashushwa kwa otokrosi ya dakika chache, linarudi kwenye lori. Uchafu wa kazi hauna muda wa kujitokeza, ndiyo maana unasifiwa.

Basi ukipelekwa kutazama gari la namna hiyo, usiguse tabo. Omba spana namba kumi na ruhusa ya kufungua bolti moja ya ethi nyuma ya manifoldi. Mjenzi wa kweli atakupa spana mwenyewe, tena atataka kuona uso wako ukikuta chuma cheupe pande zote mbili. Akianza kukueleza habari za kompyuta, mwachie gari lake.