Na Nani? Mumiani, Sarufi ya Tetesi na Riwaya ya Upelelezi

Imani kwamba kuna watu wanaouawa ili damu yao itumiwe kwa dawa au kafara imehakikiwa kwa namna mbili. Mtazamo wa kwanza huiita ushirikina na kuiachia hapo. Wa pili, uliopata nguvu baada ya Luise White kuchapisha Speaking with Vampires mwaka 2000, huichukua tetesi kuwa ushahidi wa kihistoria: wasimulizi wa Kenya na Uganda waliowataja wazimamoto wanaokamata watu usiku walikuwa wakieleza, kwa msamiati wao, kazi, mamlaka na tiba chini ya ukoloni. Mtazamo huu wa pili una uzito zaidi, lakini wafuasi wake wameishughulikia zaidi maana ya tetesi kuliko sarufi yake. Makala haya yanadai kuwa nguvu ya tetesi ya damu, na hatari yake pia, imo katika sarufi hiyo.

Neno lenyewe lina historia ndefu. Mumiani lilitokana na jina la Kiajemi na Kiarabu la kitu cheusi mfano wa lami kilichotumiwa kutibu mivunjiko. Huko Ulaya jina hilo lilihamia kwenye maiti za kale za Misri zilizohifadhiwa kwa dawa, na kwa karne kadhaa wauza dawa waliuza unga wa maiti hizo kama tiba. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaitaja dawa itokayo Uajemi, ya kupaka au ya kunywa kwa samli, kisha inaeleza kuwa wenyeji wengi waliamini ni damu ya watu iliyoganda, na kwamba tetesi ikizuka mjini watu huogopa kutoka baada ya magharibi. Kwa hiyo mwili wa binadamu ulikuwa bidhaa halisi katika maduka ya Ulaya kabla wazo hilo halijahesabiwa kuwa ujinga wa Mwafrika. Kisha upatanisho wa kisarufi ukabadilika: palipokuwa na mumiani hii, dawa, pakawa na mumiani huyu, mtu.

Hata hivyo, mtu huyo ni nadra kupewa jina. Tetesi hupenda kauli ya kutendwa: fulani amechukuliwa, watoto wananyonywa damu, watu wanachinjwa. Maneno "na fulani", ambayo yangemtaja mtenda, hudondoshwa. Kiambishi hu- cha mazoea huliondoa tukio katika wakati wake. "Inasemekana" humwondoa msemaji. Pengo la mtenda ndilo linaloipa tetesi ukweli wake. Chini ya ukoloni watu walitozwa kodi, walipelekwa kazi za lazima na kutolewa damu ya vipimo bila kuelezwa ni nani aliyeamua, wala kwa nini. Sentensi isiyo na mtenda iliieleza hali hiyo kwa usahihi ambao ripoti za serikali hazikuwa nao.

Lakini pengo hilo haliachwi wazi. Katika vurugu za Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1959, ambazo James R. Brennan amezichunguza, tetesi ya mumiani iligeuka kuwa fujo ya umati. Kusini mwa Malawi mwaka 2017, watu kadhaa waliotuhumiwa kunyonya damu waliuawa na makundi ya raia. Nafasi iliyoachwa na sarufi ilijazwa na aliyekuwa karibu. Mauaji ya watu wenye ualbino nchini Tanzania yanaonyesha upande wa pili: hapo waathiriwa walikuwepo kweli, na viungo vyao vilitafutwa kweli. Marufuku ya Januari 2015 dhidi ya waganga wasio na leseni ilimlenga mtu wa kati. Ilhali kauli "viungo vinanunuliwa" humsitiri mnunuzi, kauli "damu inanyonywa" humponza mpita njia. Mhakiki anayeisifu tetesi kuwa sauti ya wanyonge bila kuyatazama haya anawasahau wanyonge wengine.

Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale (1960), inaweza kusomwa kama jibu la kifasihi kwa tatizo hili. Maiti inakutwa mahali pa tambiko, na jina la mahali hapo linatosha kuwaelekeza watu kwa mizimu: mtu ameuawa, na watu wa kale wanatajwa kabla ya walio hai kuulizwa. Kazi ya Bwana Msa ni ya kisarufi kabla ya kuwa ya kipolisi. Anairudisha kauli ya kutendwa kwenye kauli ya kutenda, akidai jina, saa na sababu. Sifa hii huelezwa mara nyingi kuwa kuiga upelelezi wa Sherlock Holmes, ilhali ina manufaa ya karibu zaidi: inamfundisha msomaji kutoridhika na "inasemekana".

Faida hiyo ina gharama. Mtenda akishapatikana, hatia inabaki kwa watu binafsi, na mfumo ambao tetesi iliushuku unaondoka bila kuulizwa. Tetesi iliona mamlaka ikashindwa kuona mtu; riwaya inamwona mtu na kuyapa mamlaka kisogo. Bwana Msa angefika Buguruni angewaokoa waliotuhumiwa, lakini asingeeleza kwa nini wakazi wa mji waliamini kwamba damu yao ilikuwa na bei.

Uhakiki wa masimulizi ya damu na kafara, basi, hauna budi kuuliza "na nani?" mara mbili: kwanza kwa umati, ili asiadhibiwe asiye na hatia, kisha kwa wenye nguvu, ili mnunuzi asijifiche nyuma ya kitenzi. Swali la kwanza limeshapata riwaya yake. La pili bado linasubiri.